Namna ya Kuacha Kuwa Mgeni Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kufika. Kufika Mwanza hakujawa kazi kubwa tangu reli iliposhuka ziwani mwaka 1928, na siku hizi mabasi hushusha watu Nyegezi kwa wanaotokea Shinyanga na Nyamhongolo kwa wanaotokea Musoma. Kazi ipo baada ya kushuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, na ndani ya hesabu hiyo wamo wengi waliopanga chumba Mkolani au Kitangiri, wenye kitambulisho, wenye mwenye nyumba anayewadai, na bado ni wageni. Wageni wa kudumu. Wanajua njia ya kazini na njia ya dukani. Jirani akifiwa, wanasikia vilio wanadhani ni tamthilia ya jioni.

Hali hiyo inatibika, na haihitaji fedha nyingi. Dawa zimeandikwa hapa chini. Soma zote kabla ya kumeza.

Anza na mdomo. Asubuhi ukitoka chumbani, mtu wa kwanza utakayemkuta ni mama wa nyumba ya pili akifagia uwanja. Usimpite kwa "mambo", wala kwa kutikisa kichwa huku masikio umeyaziba kwa muziki. Simama. Miguu yote miwili itulie chini, maana salamu ya mtu anayetembea haihesabiwi. Sema: "Mwangaluka, mayu." Ataacha kufagia, atakutazama upya, ataitikia, kisha atakuuliza habari za kwako, za nyumbani, za kazi, za watoto, na za mvua ya huko ulikotoka. Jibu "mhola" kila anapouliza, hata kama umeamka na jino. Jino utalieleza kwenye mzunguko wa pili wa salamu, na hapo ndipo utakapojua ni mzee gani wa mtaa ule anajua dawa yake na ni zahanati ipi haina foleni Jumanne. Mchana ukishapinduka, salamu inakuwa "mwadila", na maswali ni yale yale.

Mwenye haraka na aamke mapema. Hesabu muda wa salamu ndani ya muda wa safari ya kazini, kama unavyohesabu foleni ya Mabatini. Kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala kuna mzee anayeota jua, fundi cherehani, kijana wa genge na mama wa uji, na wote wana haki yao. Ukiwaruka mwezi mzima, mwezi wa pili utakatika maji na hakuna atakayekumbuka kukugongea dirisha kwamba yamerudi usiku wa manane na ndoo zipangwe.

Jiji si la Wasukuma peke yao. Wamo Wakerewe na Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya, Wajaluo, na familia za Kihindi na Kiarabu ambazo makaburi ya mababu zao yako hapa hapa. Ukishindwa kujua mtu ni wa wapi, shikamoo haijawahi kumkosea mzee yeyote. Ila lafudhi ya Kisukuma usiiige. Itakuja yenyewe bila kuitwa, na siku moja utapiga simu nyumbani Tanga wakuulize ni nani anaongea. Na neno "wabeja" litumie sana sokoni. Kumshukuru mwuza nyanya wa Igoma kwa lugha yake hakupunguzi bei, kunaongeza nyanya.

Sasa tuje kwenye anwani. Vibao vya mitaa na namba za nyumba viliwekwa kwa nguvu mwaka 2022, na ni kazi njema iliyostahili kufanywa. Lakini bodaboda wa Bugarika haendeshi kwa kibao. Anaendesha kwa mawe. Atakuuliza kama unakaa kabla au baada ya jiwe lililobebana, upande wa jiwe lenye ufa au upande wa jiwe la kuanikia, na wewe ukitaja namba ya nyumba atakuonea huruma. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, zunguka mtaa wako ukiyasoma mawe. Ni matale, yamekaa pale tangu kabla hatujawa na miji, mvua na upepo vikala udongo uliokuwa umeyazunguka mpaka yakabaki yamepandana juu ya vilima bila mtu kuyapanga. Lile la ziwani karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, kila mgeni hulipiga picha. Lipige, kisha urudi nyumbani ulijue la kwako, lile la nyuma ya choo, maana hilo ndilo utakaloelekezea watu.

Onyo kuhusu mijusi. Juu ya mawe hayo utaona mijusi dume wenye vichwa vyekundu na miili ya bluu wakipiga pushapu juani. Wanasayansi wameipa aina yake jina la jiji, Agama mwanzae, na una kila sababu ya kujivunia kuishi naye. Usimtumie kuelekezea. Kuna watu huambiwa "kata kulia ulipo mjusi", wakafika hadi Nyakato.

Kwenye vilima vyenyewe, Igogo, Mabatini, Isamilo kwa juu, Bugarika, kuna nyumba nyingi ambazo gari halifiki. Barabara inaisha, njia ya miguu inaanza, halafu inakuwa ngazi za kuchonga, halafu ni mwamba mtupu uliolainishwa na nyayo. Mtungi wa gesi, gunia la mkaa, kitanda cha arusi, mgonjwa na jeneza, vyote hupita kwenye mabega ya watu. Hapa ndipo kanuni ya salamu inapata ruhusa yake moja tu: ukimkuta mtu mlimani ana mzigo, shika upande mmoja kwanza, msalimie mkifika. Usimuulize anakaa wapi. Panda naye tu. Na siku yako ya kuhamia usione haya kuomba mkono. Mtu aliyehamia kimyakimya na vibarua wa kukodi atakaa miezi bila kujulikana jina, lakini aliyebebewa kabati na vijana wa mtaa akawapa soda, kesho yake anaitwa kwa jina la kabati lake, na hiyo ni hatua.

Jambo moja la mawe nalisema kwa uzito. Kupasua kokoto ni riziki ya watu, na watu wa Mwanza wanaijua kazi hiyo: unawasha moto juu ya mwamba mpaka upate ufa, kisha unaingia na nyundo, na mama na watoto wanakaa chini ya kivuli cha gunia wakigonga vipande. Nawaheshimu. Lakini jiwe linaloshikilia jiwe jingine juu ya paa la mtu si mali yako, hata kama hati ya kiwanja inasema limo ndani ya mipaka yako. Kabla hujaita mpasuaji, panda juu, tazama limebeba nini, shuka chini, tazama linamtazama nani. Mvua za masika hazina subira na mtu aliyesema angetazama baadaye.

Baada ya mawe, mwezi. Mtu wa Mwanza anaishi kwa kalenda mbili, moja ukutani na nyingine angani, na mgeni huijua ya ukutani tu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, leo ni taa za betri na za sola zinazoelea juu ya maji. Mwanga huwavuta dagaa juu, wavu huwazunguka. Mwezi ukikomaa, mwanga unamwagika ziwa zima na taa ya mvuvi inakosa kazi, basi mitumbwi hupandishwa ufukweni kwa siku kadhaa, nyavu zinatazamwa na kushonwa, na wavuvi wanakuja mjini kuona familia zao, fundi injini na wadai wao.

Sasa fuatilia fedha. Mwenye duka wa Kayenze anayekopesha unga bila kujua mwezi uko wapi atafunga duka. Fundi cherehani anajua lini watu watakuja kuchukua sare za watoto. Mama lishe anajua lini apike wali mwingi. Ada ya mtoto, kodi ya chumba, ahadi ya mchango wa harusi, vingi katika mitaa ya kando ya ziwa hulipwa giza likirudi. Wewe unayedai, tazama juu kwanza. Ukimdai mvuvi mwezi ukiwa mpevu unajichosha, na unamfedhehesha mbele ya watoto wake kwa sababu ambayo kila mtu barabarani anaiona isipokuwa wewe.

Ukishaijua kalenda, nenda soko la Mwaloni Kirumba. Nenda asubuhi, na viatu ambavyo havikuumi moyo. Magunia ya dagaa wakavu huteremka kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, na malori hupakia kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kongo. Utasikia Kiswahili cha Bukavu kikibishana bei na Kiswahili cha Ukerewe, na wote wawili wanaelewana vizuri mno kuhusu fedha. Ukisikia "pisha njia!" nyuma yako, usigeuke kutazama ni nani. Ruka. Mbeba gunia akishaanza kwenda hasimamishwi na adabu. Makorongo makubwa yenye vichwa vya upara yatakuwa yamesimama pembeni yakikutazama. Usiyaogope, yanasubiri utumbo wa samaki.

Dagaa hawanunuliwi kwa macho peke yake. Chukua konzi, wasugue viganjani, wamwage, kisha tazama viganja. Ukiona mchanga, hao walianikwa chini ufukweni, na meno yako yatakuja kulipia tofauti ya bei. Walioanikwa kwenye chanja huacha kiganja kisafi. Rangi ya fedha inayong'aa inakuambia walikauka kwa jua la siku moja nzuri. Wakiwa na unjano wa kuzeeka, walinyeshewa wakarudiwa, na kuku watawafurahia kuliko wewe. Tafuna mmoja. Muuzaji anayekukataza kutafuna ameshakujibu. Wakipimwa kwa sado, geuza sado uone kitako chake, maana wapo wanaokibonyeza kiingie ndani na kukupunguzia chakula cha siku nzima. Kisha omba nyongeza, ukitabasamu. Nyongeza haiombwi kwa hasira.

Samaki wabichi wana sheria zao. Sato: fungua shavu uone wekundu, bonyeza ubavu uone nyama inarudi, mtazame jicho likiwa angavu. Mchemshe na ndimu, nyanya na kitunguu, usimzamishe kwenye viungo vya pilau. Ugali uwe wa moto. Kichwa usikitupe mbele ya watu, utaonekana huna wazazi. Na wakati wa kifungua kinywa, jirani akikuletea michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vya kula na chai, usimwambie viazi vya kwenu ni vibichi na vikubwa. Kula, rudisha sahani, na sahani isirudi tupu.

Kuhusu sangara kuna somo la peke yake, kwa sababu sangara naye alikuwa mgeni. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 kutoka maji mengine. Alikuta furu, samaki wadogo wa rangi nyingi, waliokuwa na mamia ya aina zisizopatikana kwingine duniani. Akala. Watafiti waliokuwa wakivua katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980 waliona aina baada ya aina ikikosekana kwenye nyavu zao. Sangara akawa mkubwa, akajengewa viwanda, minofu yake ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wakauziwa mapanki, yaani kichwa na mgongo usio na nyama. Amelisha watu wengi, amejenga nyumba nyingi, hilo hakuna anayelikataa. Lakini keti na mzee aliyekulia Igombe umsikie anavyowataja furu kwa majina, utaelewa kwamba mgeni anaweza kutajirisha mahali na kupafilisi wakati huo huo.

Kwa hiyo, ndugu mgeni, usiwe sangara. Namjua kwa sura yule anayekuja na fedha, ananunua kiwanja kando ya maji Luchelele au Bwiru, na jambo la kwanza anajenga ukuta ulioziba njia ambayo watoto walichotea maji tangu bibi zao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni hatua chache. Ni za mvuvi anayevuta mtumbwi wake, za mama anayefua, za wapenzi wanaokaa Jumapili juu ya mwamba na mfuko mmoja wa karanga. Ukizikuta ziko wazi, ziache wazi. Ukizikuta zimezibwa, nenda ofisi ya mtaa ukaulize, kwa upole, na uulize tena wiki ijayo. Mwenyekiti wa mtaa anayeulizwa na watu wengi hufanya kazi kuliko anayelaumiwa barazani.

Msiba ndio mtihani mkuu, na hapa nitakaa kidogo.

Utaujua kwa turubai. Likifungwa kwenye mti wa jirani asubuhi, shughuli zako za siku hiyo zimebadilika, hata kama marehemu hukuwahi kumwona. Usibaki nyumbani ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp "nani kafariki?" Nenda ukaulize kwa miguu. Vaa kawaida, funga kanga kama wewe ni mwanamke, na ukifika usitafute kiti. Viti vya kukodi vichache vina wazee wake. Toa pole kwa wafiwa kwa mkono na kwa sauti ya chini, maneno mawili yanatosha, kisha nenda kwenye daftari.

Daftari la rambirambi hukaa kwenye meza ndogo, na mbele yake yupo mtu mwenye mwandiko mzuri na uso usioonyesha kitu. Usimuulize "watu wanatoa kiasi gani?" Kurasa ziko wazi, macho unayo. Toa unachoweza, jina liandikwe kamili, na kama huna, sema huna, utaandikiwa kazi. Kwa kweli kazi ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kila msiba una kazi moja ambayo kila mtu anadhani mwingine ataifanya. Kupasua kuni kuna wenyewe. Kuchimba kaburi kuna vijana wake na mkuu wao. Kupika kuna akina mama ambao walishagawana masufuria kabla wewe hujaamka. Lakini nani anapandisha maji kutoka bombani hadi jikoni, ndoo baada ya ndoo, mlimani? Nani anawarudisha wazee makwao saa nne usiku, ngazi hizo gizani? Nani anakaa na watoto wa marehemu, awape chai, awazuie wasisikie mipango ya mazishi ikisemwa kwa sauti? Tafuta hiyo. Ichukue bila kutangaza. Watu watakutazama siku mbili, siku ya tatu watakutuma bila kuomba, na ukianza kutumwa ujue umeshapokelewa.

Misiba mingi ya Mwanza haiishii Mwanza. Jeneza linapelekwa Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Ukerewe. Ukiambiwa kuna nafasi kwenye basi, panda. Kwa wanaokwenda Sengerema na Geita, safari imebadilika tangu Juni 19, 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, karibu kilomita 3 juu ya ghuba. Kabla ya hapo msafara wa msiba ulisubiri kivuko pamoja na malori na mabasi, wafiwa wakishuka kununua samaki wa kukaanga na maji, wageni wa msiba wakijuana kwenye foleni ile. Sasa mnavuka kwa dakika chache. Nalipenda daraja hilo kwa moyo wote, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisubiri kwenye foleni ile ile. Ila kwenye basi sasa inabidi uanze mazungumzo mwenyewe, foleni haitakusaidia tena. Anza na jirani wa kiti. Muulize alimjua marehemu wapi. Mkifika kijijini utakuwa unamjua marehemu kuliko baadhi ya ndugu zake.

Harusi ni nyepesi. Kadi ya mchango itakufikia ikiwa na jina lako limeandikwa vibaya, ipokee. Ahidi kidogo unachoweza kukilipa, hudhuria vikao, usijitolee kuwa mweka hazina.

Mpira pia ni mwepesi. Mtu anaruhusiwa kuwa Simba au Yanga popote alipozaliwa. Lakini Pamba ni ya hapa. Ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 na ikarudi 2024, na walioingoja muda wote huo bado wapo. Siku ya mechi CCM Kirumba, ukikaa katikati yao, vaa rangi za Pamba na unyamaze kuhusu timu yako nyingine kwa dakika 90.

Na ziwa lenyewe. Liheshimu kwa akili yako yote. Usioge penye matete na maji yaliyotulia, kichocho kipo, konokono wake hawaonekani kwa urahisi, na vidonge vinapotolewa shuleni kwa mtoto wako mwache ameze. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea, ulifunge mikanda, na usimcheke mtu yeyote aliyelivaa kabla injini haijawashwa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Nenda Igoma kwenye makaburi yao, utembee taratibu, usome majina. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikazama karibu na Ukara. Katika kila daladala unayopanda hapa kuna uwezekano umekaa karibu na mtu aliyempoteza ndugu kwenye siku mojawapo ya hizo. Masihara ya meli, hapa Mwanza, huna ruhusa nayo. Hata ukiishi miaka 50.

Ukishafika hapo, salamu unazijua, jiwe lako unalijua, mwezi unautazama, daftari lina jina lako, limebaki la furaha. Mwezi Juni, kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu, nenda Bujora kwa ajili ya tamasha la Bulabo. Bujora iko karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada. Wiki hiyo Wasukuma hucheza kwa kambi mbili, Bagika na Bagalu, waliorithi ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hakuna majaji wenye kalamu. Kambi zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, ngoma zinapigwa, majembe yanarushwa hewani kwenye mchezo wa bugobogobo, nyoka wanatolewa kwenye masanduku, na umati unakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine kufuata anayefurahisha zaidi. Kambi iliyovuta watu wengi ndiyo iliyoshinda.

Maana yake ni kwamba wewe, uliyekuja jana na begi lako, una kura, na kura yako ni miguu yako. Usisimame katikati ukipiga picha kwa sababu unaogopa kuwakwaza, katikati hapahesabiwi. Panda daladala ya Kisesa mapema kabla hazijajaa, beba maji, vaa viatu vya kukimbilia, mwulize mama aliyekaa karibu nawe yeye ni wa kambi gani na kwa nini, naye atakueleza mpaka mteremke. Kisha chagua. Mimi ni wa Bagalu, na nitakuwa mbele, karibu na ngoma kubwa. Ukienda kwa Bagika nitakusalimia vile vile, lakini baada ya matokeo.